Vyuma Vinavyokaa Nje ya Mguu

Tangu mdogo wangu apate ajali ya bodaboda na kurudi nyumbani na vyuma vilivyochomoza kwenye muundi wake, watu wanaokuja kumpa pole huniuliza pembeni, kwa sauti ya chini, kama alikosa fedha za kutiwa chuma cha ndani, kile kinachopitishwa ndani ya mfupa wenyewe. Nimeona niwajibu wote kwa pamoja, kwa kuwa wengi wetu huvitazama vyuma hivyo kama tiba ya mtu aliyeshindikana, na dhana hiyo humfanya mgonjwa avionee haya na kuvificha badala ya kuvitunza.

Jibu ni kidonda. Muundi upande wa mbele umefunikwa na ngozi tupu, bila nyama, na ndiyo maana ukivunjika kwa kishindo ni rahisi mfupa kutokeza nje na kuingiwa na mchanga wa barabarani pamoja na nyuzi za suruali. Chuma kikizikwa katika jeraha chafu la namna hiyo, vijidudu hujishika juu yake na kujijengea utando ambao dawa huupenya kwa shida. Hogo nalo, yaani plasta ngumu, lingekifunika kidonda kisionekane. Kwa vyuma vya nje, daktari hupitisha skrubu ndefu katika ngozi nzima, juu na chini ya mahali palipovunjika, kisha huziunganisha kwa fimbo inayobaki nje ya mguu, hivyo mfupa hutulia huku kidonda kikiendelea kuoshwa, kukaguliwa na, ikibidi, kuwekewa kiraka cha ngozi.

Hata hivyo sisemi kwamba vyuma vya nje ndivyo bora kila mara. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, uliolinganisha njia hizi mbili kwa watu waliovunjika muundi kwa jeraha la wazi. Baada ya mwaka mmoja, vifo na upasuaji wa kurudiwa kutokana na matatizo ya tiba havikutofautiana sana baina ya makundi hayo mawili, ingawa waliotiwa chuma cha ndani mifupa yao iliunga ikiwa imenyooka vizuri zaidi. Kwa hiyo uamuzi ni wa daktari aliyekiona kidonda chenyewe, wala si wa jirani aliyewahi kuuguza shemeji yake.

Wodini, kitanda cha pili kutoka kwa mdogo wangu, alikuwapo mzee mmoja ambaye vyuma vyake vilikuwa vya aina nyingine: pete kubwa zilizouzunguka mguu, zikiwa zimeshikwa na nyaya nyembamba zilizopenya mfupa kutoka upande mmoja hadi mwingine na kukazwa mpaka zikawa ngumu. Mfupa wake ulikuwa umepungua urefu. Alikuwa na spana ndogo chini ya mto, na mara nne kwa siku aliketi, akazungusha kila nati robo mzunguko, kisha akaweka alama kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Kila robo ni sehemu ya nne ya milimita, kwa hiyo mfupa hurefuka milimita 1 kwa siku. Ukiuvuta polepole mno huunga kabla ya wakati. Ukiuharakisha, pengo hubaki bila kujaa.

Njia hiyo iliasisiwa na Gavriil Ilizarov, daktari aliyefanya kazi Kurgan, huko Siberia, kuanzia miaka ya 1950, akihudumia watu ambao wengi wao walikuwa na majeraha ya vita yaliyogoma kupona. Aligundua kwamba mfupa uliokatwa kwa uangalifu na kuvutwa kidogo kidogo huota mfupa mpya katikati. Wakubwa wa Moscow hawakumjali sana mpaka mwaka 1968 alipomtibu Valeriy Brumel, bingwa wa Olimpiki wa kuruka juu wa mwaka 1964, ambaye mguu wake ulivunjika vibaya katika ajali ya pikipiki na kufanyiwa upasuaji mwingi bila mafanikio. Nchi za Magharibi zilichelewa zaidi: ni baada ya mpanda milima wa Italia, Carlo Mauri, kutibiwa Kurgan mwaka 1980 ndipo Ilizarov alipoalikwa Italia, mwaka 1981, kuwaeleza madaktari wa huko kazi yake. Ajali ya pikipiki ndiyo iliyompatia jina. Laiti angeziona barabara zetu.

Nyumbani, kazi kubwa ni ya matundu. Kila skrubu ni mlango unaotoka nje hadi kwenye mfupa, na usaha unaoanzia hapo unaweza kuilegeza skrubu na kuharibu yote yaliyofanyika hospitalini. Muuguzi alitufundisha kunawa mikono, kutumia maji ya chumvi tuliyopewa, na kutumia gozi jipya, kile kitambaa chepesi cha kusafishia vidonda, kwa kila tundu, bila kulihamisha kutoka tundu moja hadi jingine. Majimaji kidogo yasiyo na rangi si ya kutisha. Wekundu unaoenea, maumivu yanayozidi, harufu, au skrubu inayocheza ukiigusa, hayo ni ya kurudi kliniki siku hiyohiyo bila kusubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Majani na mafuta ya waganga wa mifupa yasipakwe hapo kabisa. Nguo nazo zina shida yake. Fundi wetu alipasua mshono wa suruali upande mmoja akashona vifungo, na mambo yakaisha.

Daktari alipoona kwenye eksirei kwamba mfupa umeanza kuunga, alimruhusu mdogo wangu kukanyaga kidogo kwa magongo, kwa sababu uzito unaopita kwenye mfupa huuchochea kuunga. Mama alipinga vikali. Ilibidi aelezwe na mtaalamu wa mazoezi, kwa heshima zote, mguu ukiwa mbele yake.

Vyuma vitatolewa kliniki, na kwa aina aliyonayo yeye mara nyingi hakuhitajiki kurudi chumba cha upasuaji. Matundu kwenye ngozi hujifunga mapema, lakini yale ya kwenye mfupa huchukua muda zaidi kujaa, na katika kipindi hicho mfupa unaweza kuvunjika upya hapo hapo, kwa hiyo ameshaambiwa kwamba mpira wa jioni utasubiri.