Wanazikana?

Tangu Jumapili swali la Mama linanizunguka kama mbu wa saa tisa usiku.

Nilikuwa kwa Mama, Bombo, kama kawaida. Akataka kujua nashinda nafanya nini mbele ya hiyo kompyuta. Nikamweleza: naunda watu wa ndani ya programu. Naandika klasi moja, yaani kiolezo, Mtu, na kila objekti, yaani kila mtu mmoja anayetoka humo, napatia umri, nyumba, kibanda sokoni na hali yake: mzima, ameambukizwa ila dalili bado, mgonjwa, amepona, amekufa. Klasi ya Mwanafunzi inarithi yote ya Mtu, inaongeza shule. Halafu naachia Ebola humo, siku 2 hadi 21 kabla ya dalili, natazama inapita kwa nani. Watu wangu ni laki moja.

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Wanazikana?"

"Mama, ni kompyuta hiyo."

"Si umesema wanakufa? Nimeuliza, wanazikana?"

Nikacheka. Zulfa naye akacheka, maneno yakahamia kwenye mahari yake. Tangu hapo posa imepokelewa, mkataba wangu umeongezwa mwaka, umeme umekatika siku mbili. Swali liko palepale. Wanazikana? Na mimi, msomi, nikacheka.

Jumatano usiku nikafungua kufa(), kipande cha programu kinachoendeshwa mtu akifa. Mstari mmoja: ondoa kwenye orodha. Basi. Mtu anatoweka, hana wa kumwosha, majirani hawaji, na kesho watoto wake wako shuleni kama hakujatokea kitu. Nami nilishasoma kwamba Ebola ilipozuka Gulu, Uganda, mwaka 2000, kuhudhuria maziko kulikuwa miongoni mwa njia kuu za kuambukizwa, maana maiti ya Ebola bado inaambukiza!

Sasa marehemu anabaki kwanza. Nimeandika klasi Maziko: inaita kaya yake, majirani, ndugu wa mbali, wachache wao wanaosha. Nilipoiendesha, ugonjwa ukavuka hadi kijiji cha pili kupitia mwanamke mmoja wa miaka 61, mtu namba 40317, aliyekuja kumwosha dada yake. Nikapiga meza kwa furaha. Kisha nikanyamaza. Nilikuwa namkumbuka Baba, wale watu uani, ile birika ikipokezanwa.

Nitampigia Mama kesho. Atasema, "Si nilikuuliza?"

Na ule mfenesi uliolalia bati la jikoni, nani ataukata kabla mvua haijaanza? Jamaa wa msumeno hapokei simu.