Kofia bado?

Hii ni ya 2018. Nilikuwa londri kwenye meli moja ya watalii, kontrakti ya miezi 9, tunazunguka Mediterania na mi bandari zote nazijua kwa majina tu maana ukiwa londri uko chini kabisa huko, hata dirisha hamna. Asubuhi moja ya Septemba Mfilipino tunayelala chumba kimoja akanivuta juu, twende ukaone, nikatoka na kandambili. Meli inapita kwenye mlango mwembamba wa Verige, ghuba ya Kotor, Montenegro, milima imesimama huku na huku mpaka unaona sasa hivi tutakwaruza. Halafu mbele visiwa viwili vidogo. Kimoja kina miti mirefu myeusi, kingine hakina kitu ila kanisa lenye kuba la buluu, limeketi juu ya maji kama mtu kalisahau pale.

Mwenzangu akapiga ishara ya msalaba, akasema leo tukipewa ruhusa twende. Mi Muislamu wa Mombasa, Mji wa Kale, kanisani naenda kutafuta nini? Lakini ukishakaa chini ya meli miezi sita ukaambiwa kuna nchi kavu unaenda tu, hata iwe makaburini.

Tukapewa masaa manne. Basi mpaka Perast, pale boti ndogo, dakika chache tumefika. Mama mmoja anayetembeza wageni akaanza kwa kusema kisiwa hiki hakikuwepo, kimejengwa na watu. Hapo ndo nikafungua masikio. Wenyewe wanasimulia kwamba mwaka 1452 mabaharia waliona picha ya Bi Mariamu na mwanawe juu ya mwamba uliochungulia tu majini, wakaweka nadhiri, kila anayerudi salama aje atupe jiwe. Jiwe juu ya jiwe, na merikebu kuukuu zikajazwa mawe zikazamishwa palepale, miaka na miaka, mpaka pakasimama kanisa, hili la sasa la 1632, likaja kuongezwa 1722. Na hawajaacha, kila tarehe 22 Julai jioni wanafunga mashua zao msururu wanaenda kumwaga mawe. Mwenzangu akaniangalia, sisi tunavyovitupa baharini havijengi kisiwa bana.

Ndani sasa. Kuta zote mpaka dari ni michoro, 68, kazi ya mtu mmoja wa hapohapo Perast, Tripo Kokolja, alichora miaka ya 1600 ikielekea mwisho. Ile ya kifo cha Mariamu peke yake ina urefu wa mita 10. Kusema kweli ilinizidi, watu mawinguni wengi mno, shingo ikaanza kuuma. Mi nilinaswa na vile vibati vya fedha vilivyopangwa ukutani chini ya michoro kama mkanda, kama 2,500 hivi. Ni nadhiri za mabaharia na watu wao. Kila kibati chombo, kinapigwa na mawimbi, tanga limejaa, na pembeni juu Mariamu kwenye kawingu kake anaangalia. Vidogo, vingine unaweza kuvifunika kwa kiganja. Fundi aliyevigonga fedha ile alijua chombo kinavyolala kikipigwa ubavuni, hilo hudanganyi, mtu wa bara angekichora kimenyooka. Nikasoma kimoja kimoja mpaka nikaachwa na kundi.

Nilipowafikia wamesimama mbele ya kitambaa ndani ya kioo. Mariamu na mtoto, kadarizi ka nyuzi za dhahabu na hariri, nukta ndogo huwezi kuamini ni sindano. Kakashona mwanamke wa Perast, Jacinta Kunić, miaka 25, anamngoja mchumba wake aliyesafiri baharini. Na nywele za malaika si uzi, ni nywele zake mwenyewe. Yule mama akatuonyesha, huku za rangi, huku nyeupe. Zilimgeuka kichwani akiwa anashona. Na macho nayo yakaishia humo.

Sasa mke wangu anashona kofia. Kofia za mkono, za viua, ukitaka nzuri ni miezi. Siku naondoka alikuwa kaanza yangu, nyeupe, na kila nikipiga simu namtania, kofia bado? Bado, anacheka, tunaongea ada ya shule, tunakata. Hii ilikuwa kontrakti yangu ya nne.

Tulivyorudi Perast kungoja basi nikapata wifi ya mkahawa, nikampigia. Nikamweleza yote mbio mbio.

“Nywele zake hasa?”

“Zake, mama watoto, nimeziona kwa macho.”

“Na mchumba alirudi?”

“Hatukuambiwa.”

“Hamkuambiwa au hukuuliza?”

Sikuuliza. Akanyamaza kidogo, nasikia watoto wanagombana nyuma.

“Mi nywele zangu usizingoje, uzi upo tele Biashara Street. Na kofia yako iliisha tangu Ramadhani.”

“Iliisha? Na mbona kila siku wanambia bado?”

“Kwani wewe wauliza jingine?”

Basi likafika, Mfilipino ananipungia mkono niharakishe, na mi bado natafuta la kujibu.