Pima waya kabla ya kununua pampu: uzoefu wangu na magari ya zamani Malindi

Gari la zamani la petroli likikataa kuwaka, pampu ya mafuta huhukumiwa mapema mno. Kwenye Corolla za miaka ya 1990 ambazo nimezishughulikia hapa Malindi, mara nyingi nimekuta pampu ni nzima. Kilichokufa ni soketi, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) au arthi (waya unaorudisha umeme kwenye bodi) iliyoliwa na chumvi. Magari yanayofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni ndiyo yanayoumia zaidi, kisha yale yanayolala wazi karibu na ufuo.

Kwanza, ujue kwamba katika Toyota nyingi za enzi hiyo, ukifungua ufunguo bila kupiga stata pampu haingurumi. Huo si ubovu. Rilei ya pampu ina koili mbili: moja hupata umeme stata inapozunguka, ya pili hushikiliwa na kompyuta baada ya kuona injini inazunguka. Kwa hiyo gari likishika ukiwa umekaza ufunguo kisha likazima pale pale unapouachia, pampu na waya wake ni salama. Shuku ile koili ya pili, au waya unaotoka humo kwenda kwenye kompyuta.

Injini ikizunguka bila kushika kabisa, na spaki ipo, fungua kisanduku kilichoandikwa DIAGNOSIS chini ya boneti. Ufunguo ukiwa umefunguliwa, hakikisha tundu la +B lina umeme. Likiwa kavu, angalia fyuzi ya EFI (mfumo wa kupuliza petroli kwa umeme) na rilei kuu. Likiwa na umeme, liunganishe na tundu la FP, yaani la pampu ya mafuta, kwa kipande cha waya. Soma herufi vizuri, maana +B ikigusa E1, ambayo ni arthi, unaunguza fyuzi. Pampu ikinguruma, ubovu uko kwenye rilei au kwenye kinachoiamrisha. Isiponguruma, au ikinguruma kwa unyonge, acha kipande hicho pale pale, inua kiti cha nyuma na uifikie soketi ya pampu.

Hapa ndipo wengi hupotezwa na mita. Wanachomoa soketi, wanapima, wanaona volti 12, wanasema waya ni mzima na pampu imekufa. Mita haivuti umeme wowote wa maana, hivyo hata uzi mmoja wa shaba uliobaki ndani ya waya uliooza utaonyesha volti 12. Pampu huvuta kama ampea 5. Kutu yenye ukinzani wa omu 0.4 tu inakula volti 2 kwa mkondo huo, na joto la wati 10 linabaki kwenye soketi. Ndiyo maana plastiki yake huwa ya kahawia au imeyeyuka.

Kwa hiyo napima soketi ikiwa imechomekwa na pampu ikiwa kazini, ncha za mita nikizipenyeza kwa nyuma. Kama pampu imekwama kabisa, naweka balbu ya breki ya wati 21 mahali pake: ikiwaka hafifu, waya hauwezi kubeba mzigo. Upande wa arthi, kati ya waya mweupe wenye mstari mweusi na ncha hasi ya betri, sikubali zaidi ya volti 0.2. Upande wa chanya, betri ikiwa na 12.5, nataka angalau 11.5 zifike kwenye pampu.

Arthi ndiyo huanza kuoza. Fungua bolti yake kwenye bodi, kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi juu. Soketi yenye ukungu wa kijani usiipulizie dawa tu. Kata waya nyuma hadi ufikie shaba nyekundu. Ikiwa nyeusi, endelea kukata. Unga kipande kipya cha milimita mraba 2.5 kwa kiungio cha kubana, na ukifunike kwa mpira wa kusinyaa. Ng'oa betri kabla ya kazi hii, na usiwashe hita ya solda karibu na tangi lililofunguliwa. Mvuke wa petroli hautaki zaidi ya cheche moja.

Gari linalozima njiani tu, kisha likawaka lenyewe baada ya kupoa, halionyeshi kitu likiwa limesimama. Vuta waya kutoka chanya ya pampu hadi dashibodi, weka fyuzi ndogo mwanzoni mwake na balbu ya wati 5 mwishoni, kisha endesha kuelekea Kilifi. Injini ikianza kukohoa, itazame balbu sekunde ile ile, kwa sababu injini ikishasimama kompyuta itakata umeme hata hivyo. Ikififia kabla ya injini kufa, tafuta kwenye rilei na waya wa chanya. Ikiwaka sawasawa huku injini inakohoa, rudi kwenye arthi. Nayo ikiwa safi, hapo sasa ishuku pampu au chujio.