Nilivyomaliza matatizo ya free kwenye C

Nilikabidhiwa programu ya C inayosoma faili kubwa la CSV na kuweka kila rekodi kwenye listi, inakaa kwenye sava usiku na mchana, nayo ilikua inakrashi leo hapa kesho pale, na ukiona hivyo shuku memori kwanza, sababu free (inayoachia memori) ikikosewa mara nyingi programu haifi palepale, inaendelea tu mpaka malloc nyingine (inayoomba memori) huko mbele kabisa ndo inajikwaa.

Sikuanza kusoma kodi mstari kwa mstari, nilikompaili upya na -g -fsanitize=address (kikaguzi cha memori, kompaila ya GCC inayo tangu 4.8) nikairusha. Ikatoa heap-use-after-free (memori imetumika ikiwa ishaachiwa) ikiwa na sehemu tatu, memori inapotumika, ilipoachiwa, na ilipoombwa, zote na namba za mistari, hapo kazi imebaki ndogo. Palikua na lupu ya kufuta listi imeandikwa free(n); n = n->next; yani nodi (kipande kimoja cha listi) ishaachiwa ndo inaulizwa jirani yake ni nani! Na mara nyingi hiyo inapita bila shida, ndo ubaya wake. Nikatunza next kwanza kwenye pointa (kinachoshika anwani ya memori) ya pembeni, afu free(n->jina), afu free(n), cha ndani kinatangulia.

Kilichonisaidia zaidi baada ya hapo ni kuamua mwenye memori ni nani. Juu ya kila fankisheni inayorudisha pointa naweka komenti fupi, "anayeita ndo anaachia" au "mali ya listi, usiguse". Hasa strdup, inayonakili stringi kwenye memori mpya, watu wanaisahau kwa vile hawaoni malloc pale, lakini ile stringi ni juu yako kuiachia.

Nikishaachia naweka NULL (yani tupu) kwenye pointa, maana free(NULL) kwa stendadi haifanyi kitu, ila kama kuna pointa nyingine imeshika anwani ileile hiyo haikusaidii. Na realloc, ya kubadili ukubwa wa memori, msiandike p = realloc(p, n), ikifeli inarudisha NULL, memori ya zamani bado ipo na anwani yake umeshaifuta, pokea kwenye pointa nyingine kwanza.

Kwa programu ambayo siwezi kuikompaili upya natumia Valgrind, programu inayokagua memori ya programu nyingine ikiwa inakimbia, ni nzito kweli ila naangalia pale penye "definitely lost" (memori iliyopotea bila kuachiwa) naanzia hapo. Ila usiipitishe humo ile iliyojengwa na -fsanitize=address, haviendi pamoja, jenga nyingine ya kawaida yenye -g.