Fidla Juu ya Mabaragumu ya Gwembe

Filamu nyingi za makala zinazosimulia habari za watu waliohamishwa kupisha mabwawa zina desturi moja ambayo imenichosha: maji yakianza kupanda kwenye picha, fidla nazo huanza kulia, taratibu na kwa sauti ya chini, ili mtazamaji asije akakosea namna ya kuhuzunika. Juzi nimetazama nyingine ya aina hiyo hapa Ilemela, inayohusu Watonga wa bonde la Gwembe, kwenye mto Zambezi mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, nikiwa na baba yangu mkubwa ambaye ujana wake aliutumia katika ngoma za Wagalu, moja ya makundi mawili ya ngoma za Wasukuma, huko Magu. Fidla hazikumsumbua sana. Kilichomuudhi ni msimulizi, kwa sababu kila wapiga mabaragumu walipokolea, mama yule mwenye sauti nzuri alianza kuzungumza juu yao, hadi mzee akauliza, "Mwanangu, huyu hawezi kungoja watu wamalize?"

Swali hilo limenikalia kichwani kuliko filamu yenyewe.

Bwawa la Kariba lilijengwa kati ya 1955 na 1959, enzi za Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland, ili umeme wake uendeshe migodi ya shaba ya kaskazini na viwanda vya kusini. Watu wapatao 57,000 wa pande zote mbili za Zambezi waliondolewa katika mashamba ya kingo za mto, ambayo mafuriko yaliyarutubisha kila mwaka, wakapelekwa kwenye ardhi kavu ya mbali, na pale walipokuwa wakiishi pakawa ziwa lenye urefu wa kilometa zipatazo 280. Mto ambao ndugu walikuwa wakiuvuka kwa mtumbwi kwenda kuoa, kuzika na kunywa pombe uligeuka maji mapana yanayomshinda mtu mwenye kasia, na mpaka wa nchi mbili ukapita katikati yake. Hayo yote filamu inayaeleza vizuri, kwa ramani na kwa mahojiano, nami sina ugomvi nayo katika sehemu hiyo.

Ugomvi wangu unaanza kwenye mabaragumu. Watonga hupiga mapembe ya wanyama, wanayoyaita nyele, na kila pembe hutoa sauti moja tu. Mpigaji mmoja peke yake hana wimbo. Ana noti yake, ambayo anapaswa kuiingiza mahali pake hasa, baada ya fulani na kabla ya fulani, huku ngoma zikiendesha mwendo chini yao. Wimbo unapatikana katikati ya watu. Ukielewa jambo hilo, utaona mara moja maana ya kuwagawa watu wa aina hiyo katika makazi mapya yaliyo mbalimbali, wengine ng'ambo ya ziwa: kikundi kilichopoteza wapigaji wake hakijapungua sauti pekee, kimepoteza vipande vya wimbo, na atakayejaza nafasi hizo lazima afundishwe na mtu anayekumbuka. Mtengenezaji wa filamu angeweza kutuonyesha hayo kwa dakika tatu tu, kwa kumwomba kila mpigaji apulize pembe lake peke yake, kisha wawili, kisha wote. Badala yake tulipewa sekunde chache za kelele ya kupendeza, halafu msimulizi, halafu fidla.

Baba mkubwa alilielewa hilo bila kuelezwa, kwa kuwa ngoma za Usukuma nazo hazipigwi na upande mmoja. Wagika na Wagalu hushindana uwanjani, kila kundi likijaribu kuwavuta watazamaji kwa mtunzi wake, kwa vituko vyake na, wasemavyo wenyewe, kwa dawa zake, na mshindi hujulikana kwa umati kuhamia kwake. Anayekwenda Bujora mwezi wa Juni wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, na kurekodi kundi moja tu amerekodi jibu bila swali. Mzee alisema kwamba nyimbo zake bora alizitunga kwa hasira ya siku hiyohiyo, baada ya kutukanwa na wapinzani, na kwamba leo hawezi kuziimba vizuri mbele ya mtu asiyejua matusi yaliyotangulia.

Kuna kosa jingine katika filamu hiyo ambalo naliona kubwa zaidi. Muziki wa mabaragumu na ngoma uliwekwa chini ya picha za soko na watoto wakicheza, bila shaka kwa sababu una kasi na nguvu, na aliyeunganisha picha aliusikia kama muziki wa furaha. Dakika chache baadaye mama mmoja wa Binga, upande wa Zimbabwe, anaeleza mbele ya kamera kwamba mabaragumu hayo hupigwa msibani. Msiba wa Gwembe una vishindo: watu wanakimbia, wanapiga ngoma kwa nguvu, wanacheza. Kwa hiyo muziki wa matanga wa wenyewe umepewa kazi ya kuchangamsha soko, na ilipofika zamu ya kuomboleza, wakaletewa fidla za kukodi. Sidhani kama kulikuwa na nia mbaya. Ni masikio tu yaliyozoea kwamba huzuni huenda polepole.

Mazoea hayo yana historia. Filamu za habari za miaka ya 1950 kwa kawaida zilipigwa picha bila sauti ya mahali penyewe, kisha studio ikaongeza maelezo ya mtangazaji na muziki wa okestra. Ndiyo maana mtu anayetafuta kumbukumbu za Kariba hukuta kwa wingi swala na nyani wakiokolewa kwa maboti katika Operesheni Nuhu, tena kwa mbwembwe, lakini ni nadra kuisikia sauti ya mtu aliyekuwa akihamishwa. Watengenezaji wa leo wanarithi picha zisizo na sauti na, kwa kuogopa ukimya, wanafanya kilekile walichofanya waliowatangulia. Pabaya kuliko pote ni habari ya Chisomo, kijiji cha Gwembe, ambako mnamo Septemba 1958 polisi waliwafyatulia risasi wanakijiji waliokataa kuhama na kuua watu wanane. Habari ile ingewekwa bila muziki wowote, ingetosha.

Mtu mmoja aliyelielewa tatizo hili mapema alikuwa Hamza El Din, Mnubi aliyezaliwa mwaka 1929 huko Toshka, kusini mwa Misri. Alikuwa mhandisi aliyefanya kazi katika shirika la reli, na alipotambua kwamba Bwawa Kuu la Aswan lingezamisha nchi ya kwao, alizunguka vijiji akiwaonya watu na kukusanya nyimbo. Wanubi wapatao 100,000 wa Misri na Sudan walihamishwa katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1960. Yeye baadaye alitunga kwa udi, ile ala ya nyuzi, kipande kirefu kinachofuata mzunguko wa gurudumu la kuinulia maji, lile lililokuwa likizungushwa na ng'ombe kutwa nzima kando ya Nile, na ndani yake hakuna popote anapomwomba msikilizaji amhurumie mtu. Anarudia, anarudia tena, mpaka usikie kazi yenyewe ilivyokuwa. Magurudumu yale yamezama pamoja na mashamba. Sauti yake, au angalau mwendo wake, imo katika nyuzi za udi, na msikilizaji asiyejua lolote kuhusu Nubia anaweza kujua kwamba kuna kitu kilikuwa kikizunguka.

Nikiwa mtu wa pwani ya Ziwa Victoria nalazimika pia kutaja sauti zisizo za ala. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954 huko Jinja, na maporomoko ya Ripon, mahali Nile ilipokuwa ikitoka ziwani, yakapotea. Mwaka 2011 bwawa la Bujagali lilifunika maporomoko mengine ya mto huohuo, ambayo kwa Wasoga yalikuwa makao ya roho na mahali pa ibada. Ngurumo ya maji ilikuwa sehemu ya yale yaliyofanyika pale, na atakayetengeneza filamu kuhusu Bujagali bila kutusikilizisha ngurumo hiyo kutoka katika rekodi za zamani, kisha maji yaliyotulia ya leo, atakuwa ameacha nusu ya habari.

Nirudi kwenye filamu yetu. Mwishoni yalipopita majina, mpiga fidla alitajwa, na studio yake, na aliyesawazisha sauti. Wapiga mabaragumu waliandikwa "muziki wa asili, bonde la Gwembe". Hapa kwetu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitambua hata sanaa za jadi, kwa hiyo hoja kwamba muziki wa wote hauna mwenyewe haina mashiko. Isitoshe, hawa hawakuwa muziki wa asili tu. Walikuwa watu waliosimama mbele ya kamera, na mmoja wao alionekana wazi akimkaripia mwenzake aliyechelewa kuingia.

Niliwaandikia watengenezaji kuuliza kama kuna rekodi kamili. Wamejibu kwa heshima kwamba ipo, karibu saa nzima, na kwamba waliikata kwa sababu televisheni iliyogharimia kazi hiyo ilitaka filamu ya dakika 52. Majina ya wapigaji wanayo katika daftari la safari. Nimewaomba wanitumie rekodi hiyo pamoja na majina, ili baba mkubwa aisikilize bila kukatizwa na mtu, na nikiipata nitaandika tena, safari hiyo kuhusu muziki wenyewe.