Basi linalongoja treni

Mie mambo ya reli hunipeleka mbali, na siku hizi nimezama Australia, tena si Sydney wala Melbourne, ni huko ndani kabisa kwa wafuga kondoo, na nnachoona ni kwamba kule treni na gari la barabarani zimekuwa zikipokezana abiria toka zamani sana.

Mwanzo yalikuwa magari ya farasi. Kampuni ya Cobb & Co ilianzishwa Melbourne 1853 na Wamarekani wanne, kazi kupeleka watu kwenye machimbo ya dhahabu. Ujanja ulikuwa kwa gari lenyewe, bodi halikukalia springi za chuma, lilining'inia kwa mikanda minene ya ngozi, kwa hivyo barabara ikiwa mashimo matupu gari layumba tu lakini halivunjiki. Kila kilomita 15 au 20 hivi kuna kituo, farasi waliochoka wanafunguliwa wanafungwa wengine, twende. Na reli ilipofika mji fulani wao hawakufunga biashara, walisogea mbele wakaanzia pale reli ilipoishia. Gari lao la mwisho la farasi lilitembea 1924 huko Queensland, kati ya Surat na Yuleba, na Yuleba yenyewe ni stesheni ya reli!

Reli nazo zilikuwa na balaa lake. Kila koloni ilijichagulia upana wa reli, Victoria milimita 1600, New South Wales 1435, Queensland 1067, yani ukitoka Sydney kwenda Melbourne unashushwa Albury, mpakani mwa New South Wales na Victoria, wewe na watoto na masanduku, muhamie treni nyingine, mpaka 1962 ndo watu wakapumua.

Baadaye magari ya watu binafsi yakazidi, serikali zikaona treni za mashambani ni hasara, laini zikafungwa moja moja. Mildura, mji wa ndani huko Victoria, treni ya abiria iliondoka 1993 na mpaka leo haijarudi. Hilo laniuma wallahi, manake mzee anayekwenda hospitali kwenye treni aweza kusimama, anyooshe miguu, basi la masaa mengi si sawa hata kidogo. Lakini angalau hawakutupwa. Treni ya Sydney ikifika Dubbo, mji wa ndani New South Wales, mabasi yashakaa tayari, la Bourke, la Broken Hill, la Lightning Ridge, na tiketi ni ile ile.

Sasa njoo kwetu Kenya, Miritini, stesheni ya SGR ya Mombasa, treni ya usiku kutoka Nairobi ikishusha watu. Mama ana mtoto mgongoni na mabegi mawili, huyu wa tuktuk amvuta huku, wa teksi amvuta kule, na yeye anakwenda Malindi na hajui kama atapata gari saa hizo. Kwani ni shida gani tiketi iandikwe Nairobi mpaka Malindi, au mpaka Lunga Lunga, basi liegeshwe pale na treni ikichelewa lingoje? Na wa Taveta akishuka Voi naye vivyo hivyo.