Sigaa za mitaani Havana: geuza kisanduku kwanza

Havana hukosi mtu wa kukuambia binamu yake yuko kiwandani, na Cohiba, sigaa za chapa maarufu ya Kuba, zipo nyumbani kwa nusu bei, ghorofa ya pili. Ni kweli wafanyakazi hupewa sigaa chache za kuvuta wenyewe, na uongo huo hupatia hapo pa kuegemea. Lakini kisanduku kizima chenye nembo zote? Mara nyingi ni tumbaku ya kuokoteza iliyovishwa pete (ukanda wa karatasi wenye chapa) ya kuiga.

Kikiwa na kifuniko cha kioo, ondoka. Cohiba haiuzwi hivyo. Cha mbao kigeuze. Chini tafuta maneno "Hecho en Cuba" (imetengenezwa Kuba) yaliyochomwa kwenye ubao, kando yake muhuri wa wino: msimbo wa kiwanda, mwezi, mwaka. Stika ya kijani ya dhamana, toleo la 2010, ina hologramu na msimbopau. Vyote hivi huigwa, tena stika halisi huibwa, kwa hiyo usiishie hapo.

Fungua. Sigaa za safu moja zifanane rangi, pete zikae kimo kimoja. Bonyeza taratibu kutoka mguuni (ncha inayowashwa) hadi kichwani (ncha ya mdomoni): vifundo vigumu huziba moshi, mashimo laini huifanya iungue upande. Ukishazinunua, pasua moja kwa urefu. Halisi za kukunjwa kwa mkono, kama Cohiba, zina majani marefu toka mwisho hadi mwisho. Ya bandia humwaga makapi mezani, kama chai iliyopasuka pakiti.